Mkojo wa mwanangu uligeuka kama kokakola: G6PD ni nini, na imetoka kwa nani?

*"Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Tanga, Makorora. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Mwezi wa tatu alilalamika kuumia akikojoa, nikaenda duka la dawa nikapewa vidonge vya njano, kwenye boksi pameandikwa nitrofurantoini, nikaambiwa nimkatie nusu. Siku ya tatu mkojo ukawa mweusi kama kokakola, macho ya manjano, hana nguvu hata ya kusimama. Tulilazwa, akaongezewa damu. Walimpima kitu kinaitwa G6PD, jibu likaja 'kawaida', lakini daktari akasema turudi baada ya miezi mitatu. Tumerudi, sasa wanasema ana upungufu. Jibu linabadilikaje? Mama mkwe anasema ugonjwa huu nimeuleta mimi, kwao hakuna mtu wa namna hiyo. Jirani anasema ni selimundu, wananificha jina tu. Nimeambiwa asile maharage, kunde, mbaazi, hata korosho. Na mimi ni mjamzito wa miezi sita. Malaria ikimshika nitampa nini? Naomba unieleze, nimechanganyikiwa."*

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na yote ni ya maana, ila nikiyasoma tena naona yanayokunyima usingizi ni mawili: nani kalileta jambo hili, na mtoto akiumwa kesho umpe nini. Nitafika kote. Vumilia kwanza nikueleze kilichotokea ndani ya damu yake, kwa sababu ukikielewa hicho, nusu ya maswali yako yatajijibu.

Tuanze na jina. Watu husema "mtoto ana G6PD" kama wanavyosema "fulani ana presha". Kila aliye hai ana presha. Tatizo ni ikipanda. Na kila binadamu ana G6PD. Mwanao anayo pungufu. G6PD ni kifupi cha jina refu, glukosi-6-fosfeti dehidrojenasi. Ni jina la kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi maalumu mwilini, na pia ni jina la jeni inayobeba maelekezo ya kukitengeneza. Kimeng'enya hicho ni mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 515 uliojikunja ukawa na umbo lake, kisha minyororo miwili au minne hushikamana ndipo kazi ianze.

Kazi gani? Kuzuia kutu. Wewe unakaa Tanga, unajua chumvi ya bahari inavyokula mabati na nondo. Chembe nyekundu ya damu imejaa hemoglobini, hemoglobini ina chuma, na chembe hiyo inashinda kutwa ikibeba oksijeni. Chuma na oksijeni kwenye mfuko mmoja! Chembe ina kinga yake dhidi ya uharibifu huo, kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huzipoza kemikali kali kabla hazijaidhuru hemoglobini. Lakini glutathioni ikishafanya kazi mara moja inakuwa imetumika, lazima ihuishwe ndipo ifanye kazi tena. Kinachoihuisha huitwa NADPH, na ndani ya chembe nyekundu NADPH inatokana na njia moja tu ya kuchakata sukari, ambayo mlangoni pake amesimama huyu G6PD. Seli nyingine za mwili zina njia za pembeni za kupata NADPH. Chembe nyekundu haina, kwa sababu ilipokomaa ilipoteza kiini chake na viwanda vyake vyote.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Chembe nyekundu ni kama jahazi lililotweka tanga na shehena yote ya safari. Safari yake ni siku 120 hivi, na njiani hakuna bandari. Haina jeni tena, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Kile ilichotoka nacho ndicho hicho hicho. Kwa mtu wa kawaida, nusu ya shehena ya G6PD huisha kwa takriban siku 62, kwa hiyo jahazi hufika salama. Aina ya upungufu iliyo ya kawaida zaidi kwetu Waafrika, wataalamu wanaiita A-, haimnyimi mtu kimeng'enya tangu mwanzo. Inampa kimeng'enya kisichodumu. Nusu yake huharibika kwa siku 13 hivi. Chembe changa zinakuwa nacho cha kutosha, zile za makamo zinabahatisha, na zile kongwe zimeishiwa kabisa.

Na chanzo cha udhaifu huo ni kidogo mno. Katika herufi zote za jeni hiyo, kwenye aina A- zimebadilika mbili: ya 376 na ya 202. Badiliko la kwanza peke yake halina madhara ya kusumbua. Likiongezeka la pili, ambalo linaifanya asidi amino ya 68 iwe methionini badala ya valini, protini hushindwa kushika umbo lake kwa muda mrefu.

Siku za kawaida hayo yote hayaonekani. Mwanao ameishi miaka sita akicheza mpira, akila, akiogelea, na hukujua lolote, kwa sababu hakukuwa na jambo la kujua. Kisha akapewa nitrofurantoini. Dawa hiyo, ikiwa mwilini, huzalisha zile kemikali kali nilizozitaja. Chembe zake changa zikastahimili. Zile kongwe, glutathioni ikaisha, hemoglobini ikaharibika na kuganda mabonge mabonge, ngozi ya chembe ikakakamaa. Nyingine zikapasuka humo humo kwenye mishipa. Nyingine zikakamatwa na bandama zilipojaribu kupenya. Hemoglobini iliyomwagika ikapita kwenye figo na kutoka na mkojo: ndiyo ile kokakola uliyoiona. Mabaki yake yakageuka bilirubini, na bilirubini ndiyo iliyompaka macho manjano. (Si homa ya manjano ile ya mbu, kama kuna mtu alikutisha. Jina tu limefanana.) Hata kuchelewa kwake kunalingana na maelezo, maana kwa kawaida mambo huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu tangu dawa iingie.

Sasa jibu la maabara. Hukudanganywa mara ya kwanza, wala mashine haikuwa mbovu. Fikiria damu iliyochukuliwa siku ile ilikuwa na nini. Chembe kongwe, zilizoishiwa kimeng'enya, zilikuwa zimeshakufa. Waliobaki ni vijana, na uboho ulikuwa unamwaga chembe mpya kwa haraka kufidia, nazo zina G6PD ya kutosha. Juu yake akaongezewa damu ya mchangiaji, ambaye yaelekea ana G6PD nzima. Kwa hiyo maabara ilipima vijana pamoja na wageni, ikasema "kawaida". Daktari aliyekwambia mrudi baada ya miezi mitatu alijua anachofanya. Alikuwa anasubiri damu ya mgeni iishe na ya mtoto mwenyewe izeeke kidogo. Nimeona watoto walioambiwa "hana" siku ya kulazwa, wazazi wakatulia, baadaye wakarudi na mkojo ule ule. Jibu la pili ndilo la kushika.

Jirani naye tumjibu. Selimundu ni jambo jingine kabisa. Hiyo inatokana na jeni ya hemoglobini yenyewe, iliyo kwenye kromosomu ya 11 (kromosomu ni vifurushi vya jeni vilivyo ndani ya seli), na mtoto huugua akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama wote wawili. Chembe zake hujikunja kama mundu, huziba mishipa, na mtoto hupata maumivu makali ya mifupa mara kwa mara. Upungufu wa G6PD hauleti maumivu ya namna hiyo na haumkondeshi mtoto. Ila kwa kuwa yote mawili yapo kwa wingi pwani yetu, mtoto mmoja anaweza kuwa nayo yote. Kama hajawahi kupimwa selimundu, omba apimwe, iwe imekwisha.

Tuje kwa mama mkwe. Ningeweza kukupoza kwa kusema "haijulikani imetoka wapi". Nisingekutendea haki. Inajulikana. Imetoka kwako.

Subiri kabla hujaifunga simu. Jeni ya G6PD ipo kwenye kromosomu X. Chukulia kromosomu hizo kama kanga. Mwanamke ana doti kamili, vipande viwili vya X. Mwanamume ana kipande kimoja tu cha X, na pembeni yake kijileso kidogo kiitwacho Y. Kila mtoto, mama humpa kipande kimoja kati ya viwili vyake. Baba akimpa mtoto kipande chake cha kanga, anazaliwa binti. Akimpa kile kijileso, anazaliwa mvulana. Kwa hiyo mvulana yeyote unayemwona mitaa ya Ngamiani, X yake ameipata kwa mama yake. Baba hana njia ya kumpa mwanawe wa kiume G6PD, iwe nzima au pungufu. Mkweo kwa hilo kapatia bila kujua kwa nini.

Alipokosea ni kudhani kwamba hiyo ni hatia, au uchafu wa ukoo wenu. Wewe yaelekea una kipande kimoja kizima na kimoja chenye uzi dhaifu, na huo nawe ulipewa na baba yako au mama yako, nao wakapewa na wao. Kwenye jamii za pwani ya Afrika Mashariki si ajabu kukuta zaidi ya mwanamume mmoja kati ya kumi ana upungufu huu. Duniani kote wanakadiriwa kuwa watu milioni 400. Kwa hesabu hiyo, ukoo wa Tanga unaosema "kwetu hakuna" ni ukoo ambao haujapimwa.

Na kwa nini sisi tumejaaliwa kuwa nayo kwa wingi hivi? Kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, na mwaka 1960 akaandika kuhusu upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki. Ramani mbili hizi, ya malaria ya zamani na ya upungufu wa G6PD, ukiziweka moja juu ya nyingine zinaoana. Wewe uko jirani na Muheza, mahali ambapo zamani si nyingi watafiti walikuwa wakihesabu mamia ya kuumwa na mbu wenye vimelea kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa maelfu ya miaka, mtoto wa kijiji cha namna hiyo aliyekuwa na chembe dhaifu kidogo alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukua na kupata wajukuu, maana kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe isiyojikinga vizuri na kutu, nacho hukipata cha moto. Utafiti wa Gambia na Kenya uliochapishwa mwaka 1995 uliona hatari ya malaria kali ikipungua kwa karibu nusu. Tafiti kubwa za baadaye zimelitia doa kidogo: zinaonyesha upungufu huu hupunguza malaria ya kupanda kichwani, lakini waweza kuongeza ile ya kuishiwa damu. Kwa hiyo usimwondolee chandarua ukidhani ana kinga. Ila mkweo ajue kwamba hicho anachokiita ugonjwa wa kwenu huenda ndicho kilichowafikisha wazee wenu utu uzima.

Wanawake nao wana mkasa wao katika hili, na wewe unakuhusu. Mwanamke mwenye kipande kizima na kimoja dhaifu, mwili wake hauvitumii vyote viwili katika seli moja. Tangu akiwa tumboni kwa mama yake, kila seli ilichagua kipande kimoja na kukikunja kingine pembeni. Mary Lyon wa Uingereza ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1961, na muda mfupi baadaye G6PD yenyewe ikatumiwa kuthibitisha kwa wanawake. Maana yake ni kwamba damu yako ni mchanganyiko: chembe nyingine zina kimeng'enya imara, nyingine hazina. Kwa wengine mchanganyiko ni nusu kwa nusu, kwa wengine umelalia upande mmoja, hata mwanamke "mbebaji tu" akawa na upungufu wa kutosha kuumwa. Wajawazito huandikiwa nitrofurantoini mara kwa mara kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Wewe isikupite kooni. Waambie kliniki leo, waandike kwenye kadi yako ya mahudhurio, na omba ukipimwa upimwe kwa kipimo cha kutoa kiwango kwa namba, kwa sababu kile cha haraka cha ndiyo au hapana mara nyingi huwakosa wanawake wa aina yako.

Sasa chakula, na hapa nitakufurahisha. Mrudishie mtoto mbaazi zake za nazi na mahamri. Mrudishie maharage, kunde, choroko, karanga na korosho. Habari ya "asile maharage" ina ukweli wa mbali: kuna aina moja ya maharage, mapana, ambayo Waarabu huyaita ful, yenye kemikali iitwayo visini. Tumboni hiyo hugeuka kitu kinachofanya kazi ile ile ya dawa uliyompa. Huko Mediterania na Mashariki ya Kati watoto wamekufa kwa kuyala. Maharage yetu si ndugu wa karibu wa hayo, na visini hayana. Ful yenyewe mwepushie, hata kama aina A- haiathiriki nayo sana kama ile ya Mediterania. Na kwa kuwa Tanga ni mji wa mchanganyiko, Mdigo na Mbondei na Msambaa na Mshirazi na Mwarabu na Mhindi, kama upande wenu kuna damu ya Uarabuni au Bara Hindi mwambie daktari, kwa sababu aina ya Mediterania ni kali zaidi na tahadhari yake huongezeka. Zile juisi za rozela za "kuongeza damu" anaweza kunywa akipenda ladha, kimeng'enya haziongezi. Dawa za madini ya chuma nazo usimpe kwa mazoea. Chembe zake zilipasuka, na chuma kingi cha humo mwili huokota na kukitumia tena. Akionekana kupungukiwa chuma kwa kipimo, hapo sawa.

Kuna vitu viwili vya nyumbani ambavyo havitajwi sana kliniki, na vyote viwili ni vya pwani. Cha kwanza ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa sandukuni nguo zisiliwe na wadudu. Hiyo ni naftalini, na ni adui mkubwa wa damu ya namna hii. Najua nguo za kichanga huku kwetu hutunzwa sandukuni tangu mtoto wa kwanza. Zitoe sasa hivi, zifue, zianike mpaka harufu iishe kabisa, na vidonge hivyo visionekane tena nyumbani mwako. Vilevile watoto huvidhania peremende. Cha pili ni hina. Zipo taarifa za kitabibu za vichanga na watoto wenye upungufu wa G6PD waliopasukiwa chembe baada ya kupakwa hina, kwa kuwa rangi yake hupenya ngozi laini. Kwa mtoto wako na kwa huyo ajaye, sikukuu au arusi, isipakwe. Piko ndiyo usiiguse kabisa; ile mara nyingi ni dawa ya nywele iliyochanganywa, ina balaa lake hata kwa wasio na upungufu.

Malaria. Akipata homa, kwanza apimwe, usikisie. Ikiwa ni malaria, dawa mseto inayotolewa vituoni, ALu, haina shida kwake, na sindano ya artesuneti kwa malaria kali haina shida pia. Dawa yenye historia mbaya hapa ni primakwini. Kwa kweli upungufu huu uligunduliwa kupitia hiyo: mwaka 1956 watafiti wa Marekani waliokuwa wakiijaribu kwa wafungwa wa gereza moja la Illinois walieleza kwamba wale waliokuwa wakipasukiwa chembe walipungukiwa kimeng'enya hiki. (Kutumia wafungwa kwa majaribio ya dawa ni jambo ambalo leo lisingeruhusiwa, na sipendi kulitaja bila kusema hivyo.) Kwa dozi kubwa ya siku 14 primakwini ni hatari kwake. Dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kilo, ya kuzuia maambukizi yasiendelee kwa mbu, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2012 kwamba inaweza kutolewa hata bila kupima G6PD. Hata hivyo, ukiulizwa, sema.

Dawa nyingine za kuepuka ni dapsoni, nitrofurantoini uliyokwisha kuionja, asidi nalidiksiki, na hospitalini methilini buluu na rasburikesi. Septrini na aspirini ziko katikati: orodha nyingi huzitaja, ingawa kwa aina A- na kwa dozi za kawaida wengi huzistahimili, mimi huzitumia pale tu ninapokosa nyingine iliyo salama zaidi. Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake. Amoksilini ni salama. Chanjo zote apate. Tohara haizuiwi, mwambie mhudumu mapema ili achague dawa akijua. Miti shamba ambayo hujui kilichomo, hapana. Na chukua kalamu uandike kwa wino mzito kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake: UPUNGUFU WA G6PD. Daftari likipotea, taarifa isipotee. Mfundishe naye mwenyewe kulitamka. Mtoto wa miaka 6 anayehesabu mpaka mia anaweza kukumbuka herufi tatu na tarakimu moja.

Jambo moja watu hulisahau: kinachopasua chembe hizi mara nyingi zaidi si dawa, ni maambukizi yenyewe. Homa ya mapafu, typhoidi, hata malaria. Kwa hiyo kila akipata homa, kwa siku nne tano mwambie akojoe kwenye chombo cheupe uangalie rangi. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi au kokakola, macho yakiwa manjano, viganja vikipauka, akihema haraka au akilegea, usisubiri asubuhi. Nenda kituo chenye damu ya kuongeza, na kwa hapo mjini Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Beba boksi la dawa yoyote aliyotumia. Na maumivu ya kukojoa yakirudi, mkojo upimwe kwanza maabara. Aliyekuuzia vidonge vile bila kupima wala kuuliza alikosea, wewe hukukosea.

Ulilonitajia mwishoni kama jambo dogo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi: mimba. Ikiwa ni mvulana, ana nafasi moja kati ya mbili ya kupata kipande dhaifu. Kwa kichanga upungufu huu huja kwa sura nyingine, manjano makali ya siku za mwanzo, na bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo na kuacha ulemavu wa kudumu. Jifungulie hospitali ambayo wanaweza kupima bilirubini na kumweka mtoto kwenye mwanga wa buluu. Waambie wakunga kabla uchungu haujakolea, mtoto apimwe G6PD, na usikubali kuruhusiwa siku hiyo hiyo kama hawajamwangalia manjano. Nyumbani, mwangalie kila asubuhi kwenye mwanga mzuri: bonyeza ngozi ya paji la uso na kifua, uone rangi inayobaki. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, au yakifika nyayoni, au mtoto akigoma kunyonya, akilegea, akilia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, ni hospitali saa hiyo hiyo. Wazee watakwambia umwanike jua la asubuhi. Jua la asubuhi halina nguvu ya kutosha kwa manjano ya aina hii, na saa anazopoteza uani ni saa za ubongo wake. Wakati wa kunyonyesha nawe kaa mbali na dawa nilizozitaja, kwa sababu baadhi hupita kwenye maziwa. Maziwa yenyewe mpe bila hofu. Na kama SP ya kuzuia malaria imeshapangwa kliniki, iendelee kama wanavyokupangia.

Ikiwa ni binti, hapo ndipo kipimo cha baba kinapokuwa na maana, maana binti atachukua kipande kimoja kwako na kimoja kwake. Mumeo akiwa mzima, binti kwa vyovyote atakuwa na kipande kimoja kizima. Mumeo akiwa na upungufu, ambao kwa mwanamume wa pwani si jambo la ajabu, kila binti yenu atabeba angalau kipande kimoja dhaifu, na nusu yao watabeba viwili. Ni kipimo cha damu kidogo tu, na kinamfaa yeye mwenyewe pia kabla hajapewa dawa isiyomfaa. Jibu lake likija "pungufu", mwonyeshe mama mkwe taratibu, kwa adabu zote, sehemu ile ya kanga niliyoandika juu. Kipande cha mumeo nacho kilitoka kwa mama yake.